Maorki, Waganga na Migodi Isiyo na Mwenyewe

Ukisema kwenye korido ya hosteli kwamba gemu fulani imejaa mawazo ya kikoloni, unajibiwa kabla hujamaliza sentensi: "Wee, acha mambo yako, hiyo ni gemu tu. Tena ya maorki na mazimwi!" Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na kusema kweli lina hoja ndani yake. Hakuna nchi inayoitwa Azeroth. Orki hana ubalozi wa kupeleka malalamiko. Ukimuua, hakuna matanga.

Mimi nacheza gemu hizi na sina mpango wa kuacha, kwa hiyo usitegemee nikuambie ufute kitu kwenye laptopu yako. Ninachotaka kueleza ni jambo moja. Kwenye gemu za mikakati za fantasia, ukoloni hauko kwenye picha peke yake. Uko zaidi kwenye sheria: nani anaruhusiwa kujenga nini, nani anaonekana kwenye ramani, mali inatoka wapi. Na kwa kuwa wahusika ni viumbe wa kubuni, hakuna anayeweza kusimama akasema, "Huyo mliyemchora siyo mimi." Ndiyo maana dhana zilizofukuzwa kwenye vitabu vya historia zimepata chumba cha kupanga kwenye fantasia, na kodi hazilipi.

Tuanze na herufi X

Mwaka 1993 mwandishi wa Marekani, Alan Emrich, alikuwa akiandika kwenye jarida la Computer Gaming World kuhusu gemu ya anga za juu iitwayo Master of Orion. Ili kueleza kwa ufupi mchezaji anafanya nini, akaja na X nne, zilizotokana na maneno manne ya Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaweza kusema: chunguza, jitanue, nyonya, angamiza. Hakuwa anakosoa. Alikuwa anaisifia gemu. Jina likashika, na hadi leo "4X" ni jina la ukoo mzima wa gemu za mikakati.

Sasa yasome tena maneno hayo taratibu, halafu kumbuka daftari lako la historia la sekondari: wapelelezi, mgawanyo wa Afrika, uchumi wa kikoloni, vita vya kuzima upinzani. Mpangilio ni uleule.

Gemu iliyoweka msingi ni Civilization ya Sid Meier, ya mwaka 1991. Ramani inaanza ikiwa giza, na ardhi inakuwepo pale tu macho ya watu wako yanapoifikia. Kwenye toleo la sita, kambi za washenzi huzaliwa kwenye vipande vya ramani ambavyo hakuna anayeviona. Yaani mshenzi anatoka gizani, hana mji wala mashairi wala mwalimu. Vilevile kuna vijiji vidogo vya makabila. Askari wako akikanyaga, kijiji kinakupa dhahabu au ujuzi fulani, halafu kinafutika. Watu wake wameenda wapi? Gemu haisemi, na mchezaji hana muda wa kuuliza kwa sababu zamu inayofuata imeshafika.

Fantasia ilirithi mifupa hiyo, ikaivisha ngozi ya mazimwi.

Mgodi usio na mwenyewe

Chukua Heroes of Might and Magic III, iliyotoka 1999. Gemu hii ni nyepesi, inafunguka hata kwenye laptopu ya mtumba inayolia kama mashine ya kusaga. Shujaa wako anatembea juu ya ramani akiwa amepanda farasi. Mbele yake kuna mgodi wa dhahabu, na mlangoni wamesimama viumbe. Unapigana nao, ukishinda unagusa mlango, bendera ya rangi yako inapanda. Kuanzia hapo unaingiza dhahabu 1,000 kila siku. Kiwanda cha mbao kinakupa mbao 2 kwa siku, mgodi wa vito kimoja.

Tazama kilichokosekana. Nani alikuwa anachimba kabla hujafika? Nani anachimba sasa? Hamna mchimbaji, hamna mshahara, hamna mgomo, hamna mtu anayekohoa vumbi. Wale viumbe wa mlangoni gemu inawahesabu kuwa hawana upande wowote, kana kwamba kukaa kwako hakutoshi kuwa upande.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaiwekea muhuri kazi yake. Kila aliyesoma historia Tanzania anamjua Chifu Mangungo wa Msovero. Hadi leo jina lake ni utani wa kumtania mtu aliyesaini kitu bila kukisoma. Ninachokiona ni hiki: kwenye gemu hata Mangungo hayupo. Mkataba wa ulaghai angalau unakiri kwamba kuna mtu wa kutapeliwa. Bendera ya Heroes III haihitaji saini ya mtu yeyote.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumbani, ingawa hautoki kwenye fantasia. Kwenye Civilization VI Zanzibar ni mji-dola mdogo. Ukiwa na ushawishi mkubwa kwake kuliko wengine, unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote, na raia wako wanafurahi. Nilifurahi na mimi kuiona Zanzibar pale, siwezi kukataa. Lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 yalipandwa na kuvunwa na watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897. Gemu imebakiza harufu ya karafuu, mikono iliyochuma imeondolewa.

Walter Rodney, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1972 akionyesha kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni hadithi moja yenye pande mbili. Gemu nyingi za mikakati zinafundisha kinyume: kila upande ni tajiri au maskini kwa asili yake. Hilo linatuleta kwenye hoja ya pili.

Shujaa aliyenyimwa ghorofa ya nne

Heroes III ina aina nane za miji. Mji unaoitwa Castle umekaa kwenye majani mabichi, una mapadri na wapanda farasi, na kiumbe wake mkubwa kuliko wote ni malaika. Mji wa Stronghold, ambao ni wa washenzi, umekaa kwenye ardhi kame, una goblini, maorki na majitu yenye jicho moja, na kiumbe wake mkubwa ni dude lenye makucha. Upande mmoja unaishia kwa malaika, mwingine unaishia kwa mnyama.

Hizo bado ni picha. Sheria ndiyo hii: kila mji hujenga chuo cha uchawi, na ghorofa zake ndizo elimu ya juu ya gemu. Miji mitano inafika ghorofa ya tano. Castle inaishia ya nne. Stronghold inaishia ya tatu, sawa na Fortress, mji wa watu wa kinamasi. Hata ukikusanya dhahabu ya ramani nzima, ya nne haijengeki. Na shujaa wa kishenzi anaanza na alama 4 za kushambulia na 0 za kujilinda. Anajua kupiga. Kufikiri atafikiriwa na wengine.

Najua rafiki yangu wa kompyuta atasema nini: "Hiyo ni balansi, bwana. Pande zote zikiwa sawa hakuna mchezo." Ni kweli kabisa. Mchezo unataka tofauti. Swali langu ni tofauti hizo zilichotwa kwenye kisima gani. Waingereza walikuwa na nadharia nzima ya "makabila ya vita", waliyoitumia India, kisha wakaja nayo huku kuandikisha askari wa King's African Rifles: hawa wanafaa bunduki, hawa wanafaa jembe, hawa ndio tuwasomeshe kidogo. Mbunifu wa gemu si lazima awe ameisoma nadharia hiyo. Inatosha kwamba aliikuta hewani, akaona inaeleweka haraka.

Warcraft III, ya mwaka 2002, inaonyesha mgongano huo vizuri. Hadithi yake inawahurumia maorki. Kiongozi wao, Thrall, alilelewa utumwani na binadamu, akatoroka, akawakomboa watu wake kutoka makambini na kuwavusha bahari kutafuta pa kuishi. Ukiisoma kama hadithi, huyo ni mpigania uhuru. Lakini fungua orodha ya mafunzo ya jeshi lake: unakuta ujuzi wa uporaji, unaowapa maorki dhahabu na mbao kila wanapobomoa jengo la adui. Binadamu hawana ujuzi huo. Hadithi inasema maorki si wezi, sheria inawalipa kwa wizi. Na mchezaji anaisikia hadithi mara moja, ila sheria anaitumia kila siku.

Mganga wa matroli

Kwenye jeshi hilohilo kuna matroli. Wanaongea Kiingereza cha lafudhi ya Jamaika, wanarusha mikuki, wana pembe usoni. Duka lao la dawa lina jina linalotokana na vodou, dini ya watu wa Haiti ambao waliasi utumwa mwaka 1791 na kupata uhuru mwaka 1804. Dini iliyokuwa sehemu ya mapinduzi makubwa kabisa ya watumwa imekuwa jina la kibanda cha kuuzia chupa.

Kuna pia troli anayeitwa Witch Doctor. Jaribu kulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili uone linavyokwama. Sisi tuna mganga na tuna mchawi. Mmoja unampelekea mgonjwa, mwingine ndiye unayemshuku kwamba ameleta ugonjwa. Kuwachanganya ni kama kumwita daktari jambazi. Kiingereza cha kikoloni kiliwashona pamoja wawe mtu mmoja wa kuchekwa na kuogopwa, na serikali za kikoloni zikaja na sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928.

Kinachochekesha ni kwamba ukimtazama troli huyo kwa anachofanya, ni mganga mtupu. Anachomeka fimbo ya kuponya majeruhi. Anachomeka nyingine ya kuona kilichofichika. Ya tatu ni mtego wa kuwagandisha maadui wanaosogea. Kazi yake ni tiba, kinga na ramli. Sura na jina ndivyo vinamwita mchawi.

Bara lenye umbo la Afrika

Mizizi ya haya yote ni ya zamani. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliwahi kueleza kwenye barua ya mwaka 1958 kwamba sura za maorki wake zilikuwa upotoshaji wa sura za watu wa Asia jinsi Wazungu walivyoziona kuwa mbaya. Kwenye vitabu vyake watu wa kusini wenye ndovu wakubwa wanapigania upande wa uovu. Gemu ya mikakati ya mwaka 2004, The Battle for Middle-earth, iliwachukua hivyohivyo: ukicheza Mordor, unajenga jengo la watu wa Harad na zizi la ndovu wao.

Lakini mfano unaonikera zaidi ni ule wa kimya. Ulimwengu wa Warhammer ulibuniwa Uingereza miaka ya 1980, na ramani yake ni dunia yetu iliyopindwapindwa. Kuna Ulaya yake, yenye dola la mfano wa Kijerumani. Kuna China yake, iitwayo Cathay, ambayo ilipata jeshi kamili kwenye Total War: Warhammer III mwaka 2022. Kuna Amerika Kusini yake, msitu wenye mahekalu ya watu-mijusi. Nyongeza moja ya mwaka 2019 inakupa mwindaji wa dola hilo la Ulaya na kumtuma huko kwa safari ya kuteka ardhi.

Na Afrika? Ipo. Inaitwa Southlands. Kaskazini kuna jangwa la wafalme wafu wa mtindo wa Misri. Ukishuka kusini unakuta misitu na watu-mijusi tena. Kwenye pande za kuchezwa hakuna hata moja ambayo ni dola ya binadamu weusi. Hakuna Kilwa, hakuna Zimbabwe Kuu, hakuna Timbuktu, hata kwa majina ya kugeuzwa. Hakuna aliyetutukana hapo. Wametuondoa tu, mahali petu wakaweka mijusi. Sijui lipi linauma zaidi.

Kubadilisha sura, kuacha sheria

Dawa inayotolewa siku hizi ni kuongeza nyuso. Sawa, lakini tuangalie kilichotokea mwaka 2018, Civilization VI ilipomleta Poundmaker, kiongozi wa Wacree wa Kanada. Mtu huyu mwaka 1885, kwenye mapigano ya Cut Knife, aliwazuia wapiganaji wake wasiwafukuze wanajeshi wa serikali waliokuwa wanakimbia. Pamoja na hayo alihukumiwa kwa uhaini, na Kanada ilimsafisha rasmi mwaka 2019. Gemu ilipotoka, kiongozi mmoja wa jamii yake, Milton Tootoosis, alilalamika hadharani. Hoja yake haikuwa kwamba wamemchora vibaya. Alisema gemu inaendeleza uongo kwamba watu wake walikuwa na maadili sawa na ya wakoloni, ya kuteka ardhi za wengine. Yaani umempa Poundmaker kiti, ila mezani kuna mchezo uleule wa kumnyang'anya Poundmaker.

Wapo waliosikia. Toleo jipya la Age of Empires III la mwaka 2020 liliacha jina la "zama za ukoloni" likaweka "zama za biashara". Hilo ni jina tu. La maana zaidi ni kwamba Walakota na Wahaudenosaunee hawachimbi tena migodi kama Wazungu. Wanapata fedha kupitia soko lao. Hapo imeguswa sheria.

Lakini ona: Wacree walilalamika kwa sababu wapo. Walakota walishauriwa kwa sababu wapo. Matroli wataenda kwa nani?

Kisiwa kinachojitetea

Mchezo uliokwenda mbali zaidi, kwa ninavyoona mimi, ni wa mezani: Spirit Island wa R. Eric Reuss, wa mwaka 2017. Ni fantasia na ni mkakati, lakini wachezaji ni mizimu ya kisiwa: mto, radi, mizizi, kivuli. Wavamizi wanatoka Ulaya, na unaweza kuchagua wawe wa Uingereza, Sweden au Brandenburg-Prussia. Hakuna anayewacheza. Wanaendeshwa na kadi, kila zamu kwa mpangilio usiobadilika: wanaharibu, wanajenga, wanachunguza. Kadi iliyoleta uchunguzi leo italeta ujenzi zamu ijayo, na uharibifu zamu ya baada ya hiyo.

Ni X zilezile, ila umekaa upande wa pili wa meza. Mpelelezi mmoja mwenye daftari akitokea pwani, moyo unashtuka, kwa sababu unajua zamu mbili mbele kuna nini. Hakuna mhadhara ulionifanya niwaelewe waliomwona mzungu wa kwanza akishuka na mizigo kama kadi ile ilivyofanya. Mchezo una kasoro yake: wenyeji, Wadahan, wapo na wanapigana, lakini maamuzi makubwa yanafanywa na mizimu. Hata hivyo unathibitisha kwamba sheria inaweza kugeuzwa na mchezo ukabaki mtamu.

Na sisi je?

Kabla hatujajipongeza, tutazame lugha yetu. Ukitaka kulitafsiri jina Civilization, utasema "ustaarabu", neno ambalo mzizi wake ni kuwa kama Mwarabu. Na washenzi ni kina nani? Ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara. Hatukusubiri Mzungu atufundishe kuigawa ramani kati ya mji wenye nuru na giza linalouzunguka. Leo hii kwenye mabweni yetu bado kuna "wa mjini" na "wa porini", na kabila hili ndilo la akili, lile ndilo la nguvu. Ni ile Stronghold na ghorofa zake tatu.

Nasema haya kwa sababu miongoni mwenu mnaosoma hapa kuna watu wanaojifunza kutengeneza gemu. Afrika imeshaanza: Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, gemu ya fantasia, mwaka 2016. Hofu yangu ni kwamba tutakapotengeneza za mikakati tutamvisha Mfalme wa Spika kilemba, tukampa mkuki na ngoma, halafu tukamwachia ramani nyeusi na migodi isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo, ukicheza au ukibuni, jiulize maswali manne. Kabla sijafika hapa palikuwa pa nani, na gemu inamwitaje? Mali inatoka mikononi mwa nani? Nani amezuiwa kusoma, na kwa sababu gani? Naweza kushinda bila kumfuta mtu?

Fikiria kwa mfano gemu ya jahazi kwenye Bahari ya Hindi. Kaskazi inakuleta kutoka Uarabuni, na huwezi kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Huna hiari, unakaa bandarini miezi. Sheria ya mchezo ni ugeni: unahitaji mwenyeji, deni, ndoa, jina zuri sokoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na kwa kuwa majahazi hayohayo yalibeba watumwa, mchezo huo ungekulazimisha kuamua utapakia nini, na kukuonyesha nani amepanda akiwa amefungwa. Hapo hutakuwa na mgodi wa kugusa mlango ukaondoka zako.

Mwenye ujuzi wa kodi anitafute pale vimbwetani. Sheria za kwanza nimeshaanza kuziandika kwenye daftari.